Motokaa Imfaayo Mkulima na Jamaa Yake

(Hotuba iliyosomwa mjini Tabora mbele ya wanachama na viongozi, katika sikukuu ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu cha Ushirika)



Nimeombwa na Halmashauri ya sikukuu hii niseme maneno machache juu ya motokaa, yaani jinsi mkulima wa kawaida awezavyo kuchagua ile itakayomfaa yeye, mkewe na watoto wao bila kuwatia katika deni. Huenda wengine wakashangaa kwamba katika siku ya kuhesabu miaka kumi ya ushirika, wakati watu wanatazamia habari za bei ya tumbaku na za mbolea, mtu asimame kusema habari za magurudumu. Lakini kila akaaye karibu na ofisi za vyama vyetu baada ya malipo ya masoko atakubali kwamba jambo hili si dogo. Fedha ya msimu mzima, iliyotoka katika kitalu, katika kupanda na kupalilia, katika kuchuma majani na kukesha penye mabani, huingia mkononi kwa siku moja. Na katika mambo yaimezayo upesi, motokaa imo mbele. Simlaumu mtu kwa kuitaka. Nataka tu aihesabu kabla ya kuinunua.

Sisi watu wa Unyanyembe hatukuanza jana kuhesabu mizigo. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, nguo, shanga na waya zilipanda kutoka Bagamoyo, na pembe za ndovu ziliteremka pwani, zote juu ya mabega ya watu, na wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi. Wazungu wale wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, tarehe 7 Novemba. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake na chungu chake. Mkubwa wa msafara aliyeijua kazi yake hakutazama bidhaa peke yake. Alihesabu posho: nguo ngapi zitatoka kwa hongo katika nchi ya Ugogo, nafaka itanunuliwa wapi, maji yako mbali kiasi gani. Msafara wenye bidhaa tele na posho haba ulikuwa katika hatari, kwa kuwa wapagazi wenye njaa walitua mizigo wakatoroka usiku.

Motokaa nayo ina bei ya kununua, na ina posho yake ya kila siku. Mnunuzi wetu hushindana vikali juu ya bei, akaipunguza kwa laki mbili au tatu, akaenda zake amefurahi. Juu ya posho hakuuliza neno. Kwa hiyo natuanze huko.

Tuchukue motokaa mbili ziendazo kilometa 12,000 kwa mwaka, ambazo si nyingi kwa mtu akaaye Urambo au Sikonge na mwenye shughuli mjini. Ya kwanza ina injini ndogo, nayo huenda kilometa 15 kwa lita moja. Ya pili ni kubwa na ya fahari, huenda kilometa 8. Ya kwanza itataka lita 800 kwa mwaka, ya pili lita 1,500. Bei ya petroli hutangazwa na EWURA kila mwezi nayo hupanda na kushuka, lakini tufanye kuwa lita moja ni shilingi 3,000, ili hesabu iwe nyepesi. Ya kwanza itakula shilingi 2,400,000, na ya pili 4,500,000. Tofauti ni shilingi 2,100,000 kila mwaka, na kwa miaka mitano 10,500,000. Fedha hiyo hukaribia bei ambayo watu wengi hununulia motokaa ndogo iliyotumika. Basi mwenye gari la fahari amenunua magari mawili akapanda moja.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wamelisahau. Zamani kila mwenye motokaa alilipa ada ya mwaka ya leseni ya gari, hata kama gari lilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya mwaka 1017 na 18, nataka kusema 2017/18, na mahali pake ukaongezwa ushuru katika kila lita ya mafuta. Tangu hapo atumiaye lita nyingi hulipa nyingi, atumiaye chache hulipa chache. Kwa mkulima mwenye injini ndogo hii ni nafuu. Mwenye injini kubwa amelipishwa pasipo kuletewa karatasi yoyote ya kudaiwa.

Sasa, motokaa gani? Mtu aniulizapo swali hili, nami humwuliza: itachukua nini, itapita wapi? Aghalabu hana jibu, maana ameiona motokaa ya jirani na moyo wake umekwisha kuamua. Katika miaka ya 1930, nchini Ufaransa, mkuu wa kiwanda cha Citroën aitwaye Pierre-Jules Boulanger aliwaagiza wahandisi wake watengeneze motokaa ya wakulima. Hakuwaambia iwe nzuri. Aliwaambia ichukue wakulima wawili na kilo 50 za viazi, iende kilometa 60 kwa saa, itumie lita 3 za petroli kwa kilometa 100, na iweze kuvuka shamba lililolimwa ikiwa na kapu la mayai ndani, pasivunjike hata yai moja. Vita Kuu ya Pili ilichelewesha kazi, na motokaa hiyo, 2CV, ikaonyeshwa kwa watu mjini Paris mwaka 1948. Wako walioicheka kwa sura yake. Walakini iliendelea kuundwa hata mwaka 1990, na mamilioni ya watu wakaiendesha.

Nawasihi kila nyumba iandike agizo lake kama lile. Mume asiliandike peke yake; aketi na mama watoto, kwa sababu ndiye ajuaye ni mara ngapi kwa mwaka mtoto hupelekwa hospitali, maji huchotwa wapi, na kuni, asali au mchele wa kuuza hutoka upande gani. Nyumba moja itaandika hivi: watu wazima wawili, watoto watatu, gunia la mahindi, ndoo mbili za asali, barabara ya lami kilometa 60, kisha mchanga kilometa 15, kisha mbuga moja ambayo wakati wa mvua ni tope jeusi tupu. Nyumba nyingine, iliyo mjini Nzega au Kitete, haina mbuga wala mchanga; inataka kupeleka watoto shule na mama sokoni. Nyumba mbili hizi hazihitaji motokaa moja, ingawa zote mbili, zikiachwa kufuata macho, zitanunua ile ile.

Kwa nyumba ya mjini, na kwa wote wakaao kando ya lami yetu iendayo Nzega, Urambo na Sikonge, motokaa ndogo kama Passo, Vitz au IST yatosha. Passo yenye injini ya lita moja na silinda tatu hutumia mafuta kidogo sana, lakini ikijazwa watu watano na mizigo hulalamika, na tumbo lake li karibu na ardhi. IST na wenzake wenye injini ya lita moja na nusu, ile ambayo mafundi huiita 1NZ, ni wastahimilivu zaidi. Na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye faida. Injini hiyo hiyo imo katika IST, katika Probox, katika Runx na Allex, na katika baadhi ya Vitz na Premio. Vali zake huendeshwa kwa mnyororo, si kwa mkanda wa mpira upasao kubadilishwa kila baada ya muda. Maana yake ni kwamba fundi wa Kaliua ameifungua mara nyingi, duka la vipuri la Tabora lina vifaa vyake, na kikosekana kimoja chaweza kupakiwa katika basi kutoka Kariakoo kikafika kesho yake. Motokaa ngeni, hata iwe bora mara mbili, ikiharibika hukaa mwezi mzima ikingoja kifaa kutoka ng'ambo, na katika mwezi huo mwenyewe hukodi bodaboda huku amelipa bei ya motokaa.

Mkulima mwenye mizigo naye atazame Probox. Haina sura ya kuvutia arusini, nakubali. Iliundwa tangu mwaka 2002 kwa ajili ya makarani na wafanyabiashara wa Japani wabebao bidhaa, na viti vya nyuma vikilazwa yaruhusiwa kubeba kilo 400. Iko pia Kirikuu, yaani Suzuki Carry na dada zake. Kwa sheria ya Japani gari la jamii hiyo halizidi injini ya sentimita za ujazo 660, na mzigo wake hauzidi kilo 350. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali huwa na uzito wa kilo 28 hivi. Kwa hiyo Kirikuu hubeba ndoo 12 kwa haki, na mzigo wa wapagazi 11 wa zamani kwa kunywa petroli kidogo. Nasema kwa haki, kwa kuwa nimeona Kirikuu kikipanda na marobota ya tumbaku hata magurudumu ya mbele yakataka kuiaga ardhi. Kilo 350 ni kilo 350, na breki hazijui kwamba mwenye gari ana haraka. Tena Kirikuu hakina nafasi ya jamaa. Mtoto akaaye nyuma juu ya mzigo si abiria. Ni msiba unaongoja siku yake.

Noah huchukua watu wanane na ni rafiki ya nyumba kubwa. Lakini nina neno moja juu ya Noah na RAV4 za miaka ya 2000. Baadhi yake zina injini ya namna iitwayo D-4, inyunyizayo petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu nyingi. Injini hiyo ni nzuri huko ilikotoka. Huku kwetu, ambako petroli ya kijijini huuzwa katika chupa za maji zilizopangwa juani juu ya meza, uchafu kidogo na maji kidogo huiumiza pampu yake, na pampu hiyo si ya bei ndogo. Mnunuzi atazame maandishi juu ya kifuniko cha injini kabla ya kutazama redio.

Na magari makubwa, Hilux na Land Cruiser ya mkonga? Kwa mwenye kuvuka mbuga kila wiki na tani moja ya mzigo, hayana mpinzani. Land Cruiser ya jamii hiyo imeundwa tangu mwaka 1984, na ingali inatafutwa. Lakini mtu ahesabu ni siku ngapi katika mwaka anavuka mbuga hiyo. Akikuta ni siku 20, na siku nyingine zote yumo katika lami, basi kwa siku 20 ni nafuu kukodi gari la mwenzake.

Sasa nije kwenye kununua. Motokaa zetu nyingi hutoka Japani, na sababu yake si ngumu. Huko huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani u kulia. Tena sheria yao hudai kila motokaa ya binafsi ikaguliwe inapofika miaka mitatu tangu iwe mpya, na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Kwa hiyo wengi huiuza motokaa ingali na nguvu. Ikipita mnadani hupewa karatasi yenye alama. Alama 4 ni njema, 3.5 ni ya wastani, na herufi R ni onyo kwamba iligongwa ikatengenezwa. Atakayeagiza adai karatasi hiyo, alinganishe kilometa zilizoandikwa humo na zile zionekanazo katika saa ya gari litakapofika. Asiyepewa karatasi ajiulize kwa nini.

Kisha iko kodi. Katika hesabu za TRA za miaka iliyopita, ushuru wa forodha ulikuwa 25 kwa mia. Ushuru wa bidhaa ulifuata injini: isiyozidi sentimita 1,000 haikutozwa, ya kati ya 1,000 na 2,000 ilitozwa 5 kwa mia, na izidiyo 2,000 ikatozwa 10. Juu yake ikaja VAT ya 18 kwa mia. Na motokaa ya abiria iliyopita miaka minane ikatozwa zaidi kwa uchakavu, 15 kwa mia, na iliyopita kumi 30 kwa mia. Viwango hivi huweza kubadilishwa katika bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo mtu aulize TRA kabla ya kutuma fedha, si baada ya meli kutia nanga. Wako waliolipa bei Japani kwa furaha, kisha motokaa ikalala bandarini Dar es Salaam ikihesabiwa gharama za siku, huku mwenyewe akitafuta mkopo.

Wengi wetu hununua motokaa iliyokwisha kutumika hapa nchini, na hapo ndipo nasikia watu wakiulizana, "Ni namba gani? Ni D au ni E?" na bei ikipanda kwa ajili ya herufi. Ndugu zangu, herufi hiyo yaonyesha motokaa iliandikishwa lini Tanzania. Haisemi iliundwa lini wala imetunzwaje. Motokaa ya mwaka 2004 yaweza kuvaa namba mpya. Namba D iliyobadilishwa oili kwa wakati, ya mwalimu aendaye nayo kanisani au msikitini, ni bora kuliko namba E iliyokuwa ikikimbizwa usiku kati ya Nzega na Igunga. Afadhali fedha ya herufi impe fundi alale chini ya gari nusu saa. Atazame chasisi kama imeungwa, atazame oili kama ina rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni dalili ya maji kuingia ndani, aiwashe asubuhi ikiwa baridi na kutazama moshi. Fundi huyo asiwe rafiki ya muuzaji. Kadi ya gari ihakikishwe TRA kwamba jina ni la muuzaji, deni la faini za barabarani lilipwe na aliyelifanya, na umiliki uhamishwe mara moja. Kukaa na kadi ya jina la mtu mwingine ni kujiwekea kesi.

Juu ya motokaa za umeme na zile za injini mbili kama Aqua, nitapita upesi. Hutumia mafuta kidogo sana, hilo ni kweli. Lakini betri yake kubwa ikifa, mkoani kwetu aijuaye ni mmoja mmoja. Wa Dar es Salaam watangulie kuzijaribu. Hali kadhalika gesi asilia: vituo vyake viko hasa Dar es Salaam na Pwani, navyo haviko njiani mwetu.

Wapo pia ambao hawapaswi kununua motokaa mwaka huu, nami nasema wazi ingawa si neno la sikukuu. Mkulima aliye na deni la pembejeo katika chama, na ada ya shule mwezi wa Januari, akatoa fedha yote ya msimu kununua motokaa, hakununua yeye peke yake. Chama cha msingi hukopa kwa pamoja, na mmoja asipolipa, mkato huwaangukia wenzake waliokaa na baiskeli zao. Nimemwona mwanachama mmoja, mtu wa heshima, aliyenunua gari kubwa mwezi wa Agosti. Mwezi wa Machi liliuzwa kwa nusu ya bei, na jirani zake walikwisha kukatwa katika malipo yao. Kwa nyumba ya namna hiyo pikipiki, au guta la magurudumu matatu la kuchangia watu wanne walioandikiana mkataba, litabeba mbolea na marobota, na mgonjwa atakodiwa gari.

La mwisho ni la wakubwa wetu, na naomba radhi mapema. Motokaa ya ofisi hununuliwa kwa senti zinazokatwa katika kila kilo ya tumbaku ya wanachama hawa walioketi. Hesabu ile ya lita 800 na lita 1,500 haibadiliki kwa sababu aketiye nyuma ni Mwenyekiti. Meneja aendaye benki mjini na kurudi hahitaji gari la kuvukia mbuga. Mkaguzi wa mashamba wa Sikonge analihitaji, naye mara nyingi ndiye apewaye pikipiki. Napendekeza kwamba kila gari la Chama liwe na daftari la safari, liandikwe kilometa na lita kila siku na sahihi ya aliyelitumia, na daftari hilo lisomwe katika mkutano mkuu pamoja na hesabu nyingine.

Baada ya chakula mafundi wawili watakuwa uwanjani, upande wa ghala, pamoja na Probox moja, IST moja na Noah moja ya D-4 ambayo mwenyewe amekubali ifunguliwe. Atakaye kujifunza kusoma karatasi ya mnada, au kujua chasisi iliyoungwa hufananaje, aje. Aliyevaa nguo za sikukuu aje na mkeka wa kulalia chini ya gari.